Mvua ya Babu

Mwaka wa pili wa PhD yangu ya sayansi ya angahewa nilifunga kipimamvua uani kwa babu mmoja huko Pangani. Ni ile aina ya kibakuli cha kubinuka: maji yanaingia kwenye faneli, yakitimia milimita 0.2 kibakuli kinapinduka, tak!, na kifaa kinaandika saa na dakika. Nikamwambia, "Babu, hiki kikinyamaza sana, huenda kimekufa." Nikamwachia hela ya soda, nikaenda zangu.

Mwisho wa Februari nikaenda kushusha data. Lahaula! Kaskazi kavu, jua la kukausha mbata, na uani kwa babu kunanyesha kila siku saa 11 na nusu alfajiri. Milimita 16. Leo 16, kesho 16. Usingizi ukaniruka. Nikaandika kurasa 12 juu ya umande, ule upepo wa usiku utokao bara, unavyokutana na kaskazi na kupandisha mawingu pwani. Ijumaa tu ndiyo ilikuwa kavu. Nayo nikaipa kurasa mbili, nikasingizia vumbi la magari. Nani wa kunizuia?

Msimamizi wangu, mama asiyejua kucheka, akasoma, akavua miwani.

"Picha za setilaiti zinaonyesha wingu gani?"

"Hakuna, Profesa."

"Basi nenda ukalale hukohuko."

Nikalala. Alfajiri nachungulia dirishani, babu huyo, ametawadha, kopo la nusu lita mkononi. Akalimimina kwenye faneli taratibu, sikio kalitega kama daktari. Tak, tak, tak. Akaguna kwa kuridhika.

Nikatoka mbio na shuka kiunoni. "Shikamoo babu, unafanya nini?"

"Marahaba. Nakijulia hali. Si ulisema kikinyamaza kimekufa?"

Nusu lita kwenye faneli ya kipenyo cha sentimita 20: milimita 16, haipungui wala haizidi. Babu ana mkono wa mfamasia.

"Na Ijumaa?"

Akatazama kando, akashusha sauti. "Alhamisi nalala kwa bi mdogo, ng'ambo Bweni."

Nikamsihi asikiguse tena. Akaapa.

Machi, masika imeshuka kwa kishindo, simu ikaita.

"Mjukuu wangu, leo kinalia chenyewe! Wallahi mimi sijakigusa. Ila usiwe na wasiwasi, nimekifunika ndoo kisije kikalowa."