Kuku wa mayai hachomwi homoni jamani, anazo mwenyewe

Ukigusia tu mayai ya kisasa gengeni hakosi mtu wa kusema hao kuku wanachomwa homoni ndo maana wanataga kila siku. Mi nafuga, na nasema wazi hiyo habari si kweli na inatuharibia soko bure. Sindano zipo, ila ni za chanjo, kama ile ya ndui inayochomwa kwenye bawa. Homoni za kutaga kuku anatengeneza mwenyewe, wa kienyeji anazo na wa kisasa anazo, tofauti ni mbegu, hawa wa kisasa wamechaguliwa kizazi hadi kizazi wale wanaotaga sana.

Kinachoziamsha ni mwanga. Na kuku hapokei mwanga kwa macho peke yake, unapenya fuvu la kichwa mpaka kwenye ubongo, sehemu inaitwa haipothalamasi, hiyo inaiamuru tezi ya pituitari imwage homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu, zikifika kwenye ovari (inayofanya kazi ni ya kushoto tu) ovari inaanza kutoa estrojeni, homoni ya kike. Hapo ndo utaona mambo kwa macho yako: kilemba kinanenepa na kuwa chekundu, ukimwekea mkono mgongoni anachutama mwenyewe, na ile mifupa miwili chini ya mkia iliyokuwa imebanana inaachana mpaka vidole viwili vinapita. Huko ndani ini nalo limeshaanza kutengeneza malighafi ya kiini, na mifupa inaweka akiba ya kalsiamu, maana ganda moja tu linakula kama gramu 2.

Kiini kikikomaa projesteroni, homoni nyingine ya ovari, inapandisha LH ghafla, masaa 4 mpaka 6 baadae kiini kinaachia. Yai zima linachukua masaa 24 mpaka 26, ganda peke yake kama 20, kwa hiyo kila siku anachelewa kidogo kidogo mpaka inafika siku anaruka bila kutaga. Ni kawaida kabisa! Lakini mfugaji akikuta trei halijajaa mbio duka la dawa za mifugo.

Angeanza na taa. Huku kwetu karibu na ikweta jua ni kama masaa 12 mwaka mzima, kuku wa mayai anataka 14 mpaka 16, washa taa alfajiri ili jioni giza liingie lenyewe akiwa ameshapanda kulala. Ila mitemba, yaani majike wachanga ambao hawajaanza kutaga, usiwawashie mapema, akianza kutaga mwili haujakomaa kizazi kinaweza kutoka nje na wenzake wakishaona damu wanamdonoa mpaka anakufa, inauma sana kuokota kuku wa hivyo asubuhi.

Na yule wa kienyeji anayeatamia muda wote, amevimba manyoya na anakudonoa ukimsogelea, usimpige wala kumlowesha maji. Ni prolaktini, homoni ya kuatamia, imepanda, na tumbo kugusa mayai ndo kunaizidisha. Kama hutaki vifaranga mtoe kwenye kiota, muweke kwenye kizimba cha wavu kilichoinuliwa ili upepo upite chini ya tumbo, chakula na maji apate, siku chache itashuka na baadae atarudi kutaga.

Sasa kama mlaji anataka kuogopa kitu, aogope hizi poda za "kuongeza mayai". Nyingi ni vitamini, sawa, lakini zingine zimechanganywa na antibayotiki kama oksitetrasaiklini, na masalia yake yanaingia kwenye yai analokula mtoto wako. Yaani tunapiga kelele na homoni ambayo haipo, antibayotiki iliyopo hakuna anayeiuliza. Mfugaji mwenzangu geuza pakiti usome kilichomo na siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, na wewe mnunuaji ukifika bandani uliza kuku wamepewa dawa gani na lini.