Kompyuta Ndogo ya Sebuleni: Ukimya, Nguvu na Joto la Dar es Salaam

Shemeji yangu anayeishi Sinza ameniomba nimchagulie vipuri vya kompyuta ya kukaa chini ya runinga sebuleni. Anataka ioneshe filamu, icheze gemu za mpira na za magari, isizidi ukubwa wa redio ya kawaida, na isisikike usiku watoto wakiwa wamelala. Baada ya wiki kadhaa za kulinganisha nimeona kwamba mabishano karibu yote kuhusu kompyuta za aina hii yanarudi kwenye swali moja: je, iwekwe kadi ya grafiki ya pekee, yaani kipuri tofauti cha kuchora picha, au itegemewe grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta?

Wanaotetea prosesa peke yake wana hoja nzito. Ryzen 7 8700G ya AMD, iliyoingia sokoni Januari 2024, ina grafiki ya Radeon 780M ndani yake, nayo inatosha kwa gemu nyingi za mpira katika ubora wa 1080p (picha ya HD kamili) iwapo mchezaji atakubali kushusha baadhi ya mipangilio ya picha. Imeandikwa kuwa ni ya wati 65, ingawa ikiachiwa inaweza kuvuta hadi wati 88. Lakini mtu anaweza kuishusha hadi daraja la wati 45 kupitia mipangilio ya madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipuri, na chanzo kikubwa cha joto kikabaki kimoja, chenye feni moja. Jambo jingine, ambalo naona halipewi uzito unaostahili, ni kwamba grafiki hii ina saketi maalumu ya kufumbua video za AV1, mfumo unaotoa picha ya ubora uleule kwa data kidogo zaidi. Kwa mtu anayetazama kwa bando, hiyo ni fedha. Ryzen 5 5600G ya 2021, ambayo huvutia wengi kwa bei yake, haina saketi hiyo; ikipewa video ya AV1, prosesa nzima inalazimika kufanya kazi hiyo kwa nguvu, na feni inapanda katikati ya filamu.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, bali huazima ile ya kompyuta, na vipande viwili vya RAM ya aina ya DDR5 vya kasi ya 6000 hupitisha takribani gigabaiti 96 kwa sekunde, ambazo prosesa nayo inazigawana. Ukiweka kipande kimoja ili kubana matumizi, umekata nusu ya mapito hayo, na gemu inaanza kukwamakwama. Kwa bahati mbaya, bei ya RAM ilipanda sana duniani kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 kutokana na mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo kile kilichokuwa kipuri cha kununua bila kufikiri sasa kinakula sehemu kubwa ya bajeti.

Wanaotetea kadi ya pekee hujibu kwamba hata kadi ya chini kama RTX 3050 ya Nvidia yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 6 ina mapito ya gigabaiti 168 kwa sekunde yasiyogawanywa na yeyote, inavuta wati 70 tu, na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Hoja hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kadi hiyo inapotengenezwa fupi ili iingie kwenye kasha jembamba, huwekewa feni ndogo zinazolazimika kuzunguka kwa kasi, na hapo ndipo ukimya unapopotea. Kadi kubwa zaidi, RTX 4060, huvuta wati 115, lakini ikiwa na kipoza joto kirefu na feni pana zinazozunguka polepole, inaweza kuwa kimya kuliko ile ndogo yenye wati chache. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takribani desibeli 15, ilhali hewa inayopita hupungua kwa nusu tu. Anayenunua udogo uliopitiliza, kwa hiyo, anaulipia kwa kelele.

Hesabu hiyo huwa kali zaidi hapa pwani. Majaribio mengi tunayoyasoma hufanywa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22, wakati sebule ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi, kaskazi inapovuma, hufika 32 bila shida. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka karibu vilevile kwenye prosesa. Ndiyo maana siwezi kumshauri mtu wa hapa anunue kasha lisilo na feni kabisa, hata kama mtengenezaji wake anasifiwa, kwa sababu kifaa hicho kinategemea tofauti ya joto kati yake na chumba, na sisi tofauti hiyo tunayo ndogo.

Mimi mwenyewe nilidanganyika Februari moja. Nilikuwa na kompyuta nyembamba sebuleni, yenye pawasaplai (kipuri kinachogawa umeme) ya feni ya milimita 40, nami nikawa namwambia kila mgeni kwamba haina sauti. Usiku mmoja umeme ukakatika. Feni ya dari ikapunguza mwendo hadi ikasimama, runinga ikazima, na kompyuta ikaendelea kwa nguvu ya UPS, ile betri ya akiba. Katika utulivu ule nikasikia mlio mwembamba kama wa mbu aliye karibu na sikio. Kuanzia siku hiyo niliusikia hata feni ya dari ikizunguka, kwa kuwa sikio likishaujua mlio wa namna hiyo haliuachi tena. Nilipoifungua nikakuta mapezi ya kipoza joto yamefunikwa na vumbi lililoshikana kwa unyevu, ukanda wa kijivu ulioweza kubanduliwa mzima kama kipande cha kitambaa. Kwenye kasha lenye nafasi, kazi ya kusafisha ni ya dakika kumi kwa brashi. Kwenye kasha la lita tano, lazima utoe nusu ya vipuri kwanza.

Zipo pia zile kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika. Kwa filamu pekee ni chaguo zuri, mradi prosesa yake ya Intel iwe ya kizazi cha nane au zaidi, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025 na prosesa za vizazi vya kabla ya cha nane, isipokuwa chache sana, haziko kwenye orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa gemu hazitoshi. Kuhusu hifadhi sina mengi: SSD (hifadhi isiyozunguka wala kutoa sauti) ya umbo dogo la M.2 ndani, na diski kuu ya kuzunguka, kama ipo, ikae nje.

Kwa shemeji nimechagua 8700G iliyoshushwa hadi wati 45, vipande viwili vya RAM, madabodi ndogo ya kipimo cha Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17, na kasha la lita 14 badala ya lile la lita 5 alilolipenda kwenye picha. Pawasaplai ni ya SFX, kipimo cha makasha madogo, yenye feni ya milimita 92. Mpinzani wa uamuzi huu atasema, na atakuwa na haki, kwamba siku akiongeza kadi atajuta, kwa kuwa 8700G ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 16 tu wakati Ryzen 5 7600 ina 32, na tofauti hiyo huonekana kwenye gemu. Nimemweleza hivyo bila kumficha. Amejibu kwamba anacheza mpira na magari, na kwamba kinachomkera zaidi ni mlio wa usiku. Nafasi ya kadi, hata hivyo, ipo ndani ya kasha.