Ukuta Haumezi Wimbi

Bagamoyo ukipata kiwanja cha ufukweni, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kujenga ukuta. Zege, wima, mrefu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mhandisi, lakini nasema kwenye ufukwe wa mchanga ushauri huo ni mbaya. Wala sina wivu na wenye viwanja, ingawa chenyewe sina.

Tazama kifuu cha nazi kinavyoelea. Wimbi linakipandisha, linakishusha, linapita zake, kifuu kinabaki karibu palepale. Kinachosafiri ni nishati zaidi kuliko maji, na nishati ikifika pwani haipotei hivihivi. Ama itumike pale, ama irudi ilikotoka.

Mwaka 1747 Mfaransa Jean le Rond d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi unaotikisika, akaonyesha kwamba jibu lake ni mawimbi mawili, moja likienda kulia, jingine kushoto. Wimbi la bahari nalo hufuata hesabu kama hiyo, na humo ndimo ninamopata jibu la ukuta. Uchore ukuta kwenye karatasi, kisha uufute. Pale penye nchi kavu chora bahari ya pili, sawasawa na ya kwanza, kama unavyoiona kwenye kioo. Kila wimbi linalotoka kwenye kilindi lina pacha wake anayetoka upande wa nyumba yako. Yanakutana pale ulipokuwa ukuta na kujumlishana: kilele cha nusu mita juu ya nusu mita, mita nzima. Kisha kila moja linaendelea na safari, na yule pacha ndiye unayemwona akirudi baharini. Bila shaka hiyo ni hesabu ya wimbi lisilovunjika na ukuta usiopitisha kitu. La kweli hupungua kidogo. Lakini kihesabu, aliyejenga ukuta wima amejiongezea bahari.

Nilimweleza hayo nahodha mmoja mzee pale soko la samaki, baada ya shikamoo. Akacheka. "Sisi mbele ya ukuta ule hatutii nanga, mwalimu. Maji yanakuja huku na huku, ngalawa haijui ilale wapi." Sikuwa na la kuongeza. Yanayokuja na yanayorudi yakikutana, maji huenda na kurudi kwa fujo hatua chache mbele ya ukuta, na mchanga unasombwa.

Ufukwe wenye mteremko hufanya kinyume. Kwenye maji ya kina kifupi, kasi ya wimbi hupatikana hivi: zidisha kina kwa 9.8, ile namba ya mvutano wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kina cha mita 4 kinatoa kama mita 6.3 kwa sekunde. Mita 1, kama 3.1. Mbele linapunguza mwendo, nyuma bado linasukuma, basi linajikunja, linainuka, linavunjika. Povu lile jeupe na ule mvumo unaousikia usiku ni nishati inayotumika. Hairudi nyingi.

Mikoko nayo, kama ile ya kwenye mdomo wa Ruvu, ina ujanja wake. Mizizi yake imesimama kama miguu ya kaa, na kila mzizi unatawanya kipande kidogo cha wimbi huku na kule, unalisugua, unalichosha. Ukuta unalijibu mara moja kwa nguvu zote. Mikoko inalijibu mara elfu, kidogo kidogo. Tofauti ya ukuta na mteremko wanafunzi wangu waliiona kwenye karai la maji: upande mmoja bati, upande wa pili mchanga ulioinamishwa. Kokoto likidondoshwa katikati, viduara vinarudi kutoka kwenye bati tu.

Najua wapo ambao bahari imeshafika barazani, na kuwaambia wapande mikoko leo ni kuwadhihaki. Hao wapange mawe makubwa kwa mteremko, yenye mianya, maji yaingie humo yachoke. Anayeanza upya arudi nyuma, auache mchanga ufanye kazi yake. Kinachoniudhi ni kwamba watoto wetu wanakariri kasi ya wimbi ubaoni, bahari inasikika dirishani, na hakuna anayewatoa nje wakaipime.

Wangu niliwatoa. Tulipiga msumari kwenye ukuta mmoja, usawa wa mchanga, kusi ilipoanza kuvuma. Juzi nimepita maji yakiwa yamekupwa. Msumari uko usawa wa goti langu, na chini yake chokaa ya msingi inaonekana.