Kano ikishashonwa, ilazwe ama ianze kazi?

Binamu yangu anakaa Pipeline, Nairobi, fo ya tano, ploti haina lifti. Jumapili moja akicheza mpira kano ya kisigino, ile kamba inayoshikisha msuli kwa mfupa, ikakatika, anasema alisikia kama mtu amempiga teke nyuma, akageuka hakuna mtu. Akashonwa. Daktari akasema plasta wiki sita na mguu usiguse chini, halafu wiki ya tatu akapelekwa kwa fizio, fizio naye akashangaa, ati mbona bado umefungwa hivi, saa hii ungekuwa ushaanza kukanyaga. Nyumbani tukagawanyika, mama mkubwa akasimama na plasta, mimi na fizio, na nilibishana sana kabla sijasoma chochote.

Baada ya kusoma nimegundua mama mkubwa hajakosea vile nilidhani. Kano ikishonwa, wiki za kwanza kinachoshika ni uzi. Seli zinafuma kolajeni (protini ya nyuzi) ya dharura, aina ya 3, nyembamba na imelala shaghalabaghala, na inachukua miezi hadi aina ya 1 yenyewe iliyo ngumu ichukue nafasi. Ukivuta kwa nguvu kabla ya hapo mwanya unafunguka pale katikati, mwanya ukijaa kano inapona ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa, na unabaki mtu wa kutembea sawa lakini ukitaka kusimama kwa vidole mguu unakataa. Na kwa bega, pale kano inashonwa kwenye mfupa, panya waliofungwa mguu wa mbele walipona vizuri kuliko wale walioachwa wakimbie.

Lakini hao hao panya ndio wananirudisha upande wangu. Watafiti walipoenda mbali zaidi, wakalemaza msuli kwa botoksi ili kano isivutwe hata kidogo, uponaji ukaharibika. Kumbe kufunga mguu ni kitu kimoja na kunyima kano kazi kabisa ni kingine, maana hata ndani ya plasta msuli unajikaza kidogo kidogo. Seli za kano zinahisi kuvutwa, ndio zinajua zipange nyuzi kuelekea wapi, zikikosa huo mvuto zinalegea. Savio Woo na wenzake kule Marekani walifunga magoti ya sungura wiki 9, mwaka 1987 wakaandika kwamba ligamenti ya upande wa ndani, yaani kamba inayoshika mfupa kwa mfupa, ambayo haikuwa hata na jeraha, ilibaki na karibu theluthi moja ya nguvu yake. Wiki 9 tu! Na kuirudisha ilichukua muda mrefu kuliko kuipoteza.

Kwa vidole vya mkono mimi naona mjadala uliisha kitambo. Kano ya kukunja kidole inapita ndani ya ala nyembamba, ukiifunga inagandana na ala na kidole kinabaki kama kijiti, kwa hivyo daktari wa upasuaji Kleinert miaka ya 60 akaanza kutumia raba bendi, mgonjwa akinyoosha kidole inakirudisha kikunjike, halafu wenzake Duran na Houser mwaka 1975 wakaonyesha kano ikiteleza milimita 3 hadi 5 tu inatosha isigande. Milimita. Hapo ndipo watu wa "anza mapema" hatusomi vizuri, mapema haimaanishi nyingi.

Goti ndio mtego wenyewe. ACL, ligamenti ya katikati ya goti, ikikatika inayowekwa mpya ni kano iliyotolewa kwingine, ikipandikizwa seli zake zinakufa kwanza ndio mishipa ya damu iingie, kwa hivyo kuna miezi ambapo ni dhaifu kuliko siku iliwekwa, na ndiyo miezi mwenye goti hasikii uchungu tena na anajiona yuko fiti. Utafiti wa Oslo wa 2016 ulikuta kila mwezi mtu anaochelewa kurudi uwanjani, hadi mwezi wa 9, unapunguza kuumia tena kwa karibu nusu.

Na kisigino je? Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020 ulilinganisha watu 540 ambao hawakushonwa, wengine plasta, wengine buti ya kutembelea, na baada ya miezi 9 matokeo yalikuwa karibu sawa, kano kukatika tena pia karibu sawa. Hao hawakupitia operesheni kama binamu, sawa, lakini kama buti haikuwaumiza wasio na uzi, mimi siogopi buti kwa aliye na uzi.

Shida yangu na ushauri wa fizio iko kwingine. Buti ya kule Uingereza ina vipande vya kuinua kisigino vinavyotolewa kimoja kimoja, na mtu anafuatiliwa. Binamu kila akienda kliniki ni ngazi za fo tano kushuka na kupanda, kisha matatu inayomshukisha ikitembea, na mkandaji wa mtaa alishaanza kuulizia huo mguu. Huo nao ni mvuto, tena mwingi, hakuna aliyeuandika kwenye karatasi.

Mwishowe plasta ilitolewa wiki ya nne, akawekewa buti. Sasa anabembeleza landilodi amhamishie fo ya kwanza, na landilodi anasema huko chini rent ni tofauti.