Mchanga wa Shela, mchanga wa Zandvoort

Nyumbani kwetu Langoni, mjini Lamu, maji ya bomba hayakuwa na saa. Yaweza kuja saa nane usiku, na aliyesikia wa kwanza bomba la uani likikohoa kazi yake ilikuwa kupiga ukelele: "Mayi yamekuya!" Hapo nyumba nzima huamka. Mama na ndoo, sisi na mitungi, na bibi, ambaye macho yalikuwa yameshamwacha, akipapasa kopo lake. Tukijaza mpaka sufuria za pilau.

Leo nina miaka kumi na moja Amsterdam, nahudumia wazee, na bomba la jikoni kwangu halijakohoa hata siku moja. Najua mshachoka na habari za "huku kwa wenzetu". Mimi pia zimenichosha, zaidi zile za watu waliokaa Ulaya miezi sita wakarudi Forodhani kutufundisha kupanga foleni. Sisemi Wazungu wana akili kuliko sisi. Habari yangu ni ya mchanga tu.

Siku ya mapumziko, hali ya hewa ikiruhusu (nayo huruhusu kwa shida), hupanda treni nikaenda kutembea kwenye vilima vya mchanga karibu na Zandvoort. Mara ya kwanza nilisimama juu ya kilima, bahari upande mmoja, upepo unanipiga mtandio usoni, nikasema: hapa ni Shela, kile kijiji cha vilima vya mchanga jirani na mji wetu! Hakuna minazi na baridi inakata masikio, lakini mchanga ni ule ule, na chini yake kuna maji matamu vile vile. Maji ninayokunywa Amsterdam hupitia mchanga huo, kama maji ya mji wa Lamu yanavyotoka kwenye visima vilivyo nyuma ya Shela.

Wa kwetu wanajua jambo hili bila kusomea. Mvua ikinyesha Shela, mchanga huinywa, na maji yale hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi, maana ni mepesi. Mholanzi mmoja mwanajeshi, Badon Ghijben, aliliandika mwishoni mwa miaka ya 1880 akichunguza habari ya kuchimba kisima karibu na Amsterdam. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini ya usawa huo. Geuza hesabu uone hatari yake: ukivuta mpaka maji yashuke mita moja, chumvi nayo huanza kupanda kutoka chini, na mwisho wake ni mita kama 40. Haigongi mlango. Unaijua siku chai imebadilika ladha.

Waholanzi chumvi iliwapata. Zamani Amsterdam ilikuwa ikiletewa maji kwa mashua, kama kisiwa chetu cha Manda. Mwaka 1853 bomba la kwanza likaleta maji kutoka vilimani, yakauzwa senti moja ndoo pale langoni mwa mji. Mji ukakua, wakavuta na kuvuta, chumvi ikaanza kupanda. Tangu 1957 wanachukua maji ya mto Rhine, wanayasafisha kidogo, wanayapeleka kwa mabomba mpaka vilimani na kuyamwaga mchangani yashuke polepole. Baada ya miezi miwili mitatu wanayavuta tena. Yaani wanalipa deni la kisima.

Sasa mtu ataniambia: wao wana Rhine, sisi tuna nini? Ni kweli, na hapo ndipo mfano wangu unapochechemea. Shela haina mto wa kuijaza. Ina mvua tu, na mvua yenyewe, ukiijumlisha ya mwaka mzima, haipishani sana na ya Amsterdam. Tofauti ni kwamba huku inanyunyiza kila wiki kama mtu anayenawa, na kwetu inamwagwa yote masika kisha jua linaanza kudai chake. Tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, bara na pwani ya kaskazini, misimu mitano ya mvua ilipita mikavu mfululizo. Mwaka uliofuata ikaja El Nino na mafuriko. Anayeishi kwa akiba ya mchanga hawezi kupuuza hesabu hizo, na asiye na Rhine ndiye anayepaswa kuwa mchoyo zaidi wa mchanga wake.

Lakini tunaufanyia nini? Vilima vya Shela vimetangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa, kila mtu anajua, na kila nikirudi naona ukuta mpya umesogea. Nyumba ya ghorofa tatu yenye bwawa la kuogelea, na bwawa lile limejazwa na nini kama si birika letu sote, hilo tangi la maji lililo chini ya mchanga? Nilimuuliza bwana mmoja wa ofisi, siitaji ni ipi, nani anayepima chumvi kwenye visima na naweza kuona wapi vipimo. Akanipeleka kwa mwenzake. Mwenzake akaniambia nije kesho. Kesho alikuwa safari, Mombasa, semina. Semina ya maji, wallahi.

Machi 2023 Amsterdam nililetewa karatasi ya kura. Mimi si raia, nina kibali cha kuishi tu. Wenzangu kazini walipata karatasi mbili, moja ya jimbo, moja ya baraza la maji, mimi nikapata ile ya maji peke yake, kubwa kama msala. Mabaraza haya yapo 21 nchi nzima, baadhi yana mizizi ya karne ya 13, yana kodi yao wenyewe, na watu huyapigia kura kila miaka minne. Wagombea walikuwa wakigombana juu ya kimo cha maji kwenye mitaro: mkulima anataka yashushwe, mwenye nyumba anataka yapandishwe nguzo za msingi zisioze. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka. Mimi mtoto wa Langoni naulizwa maoni yangu juu ya mtaro wa Uholanzi, na juu ya mchanga wa Shela hajapata kuniuliza mtu.

Nisije nikapaka rangi. Nusu ya watu huku hawaendi kuipiga kura hiyo, na mwaka 2018 ukame uliwatoa jasho hata hawa. Kikatiba sisi tumewazidi maneno: kifungu cha 43 cha katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na tangu 2013 huduma ya maji iko chini ya kaunti. Kinachopungua ni mtu wa kumshika kanzu. Huku nikitaka kujua nani mwenye dhamana ya kilima, namjua, namlipa kodi, naweza kumnyima kura.

Na hili si la kigeni kwetu, ndilo linaloniuma. Kisima cha msikiti kilikuwa wakfu, kikiwa na msimamizi, na kamba ikikatika mlijua mlango wa kwenda kugonga. Kwa wajomba zangu Faza kuna jabia, ile sakafu kubwa inayokinga mvua na kuishusha kwenye tangi, na mtu akipitisha mbuzi juu ya sakafu alipata maneno yake siku hiyo hiyo. Ndani ya nyumba zetu birika lilikuwa na visamaki vya kula mabuu ya mbu, na bakuli la kaure chini ili maji yakipungua visamaki visife. Mtu aliyefikiria bakuli la samaki hakushindwa kufikiria utawala wa maji.

Ndugu zangu kwenye kundi la WhatsApp dawa wanayo tayari: mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, kama Dubai. Sipingi, visiwa vingine huenda havina njia nyingine. Lakini mashine inakula umeme na chujio zake zinachakaa. Walioshindwa kuzuia ukuta usijengwe juu ya mchanga, unaotupa maji matamu bure, watanunua chujio kwa wakati?

Tukija kwenye utafiti. Kuna watafiti waliotengeneza maswali 12, yalichapishwa 2019, ya kupima kile ambacho kwa Kiswahili nakiita kukosa uhakika wa maji. Si uhaba. Uhaba ni ndoo tupu, kukosa uhakika ni kutolala kwa kuisikilizia ndoo. Maswali yanahusu wiki nne zilizopita: uliwahi kuhangaika kwamba maji hayatatosha? Ulibadilisha mipango ya siku? Ulilala na kiu? Uliona aibu? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, kwa kadiri ya mara ilizotokea, jumla haipiti 36, na anayefika 12 anahesabiwa kuwa na shida.

Napenda maswali haya kwa sababu yanamuuliza mwenye ndoo, hayaiulizi pampu. Ninalolaumu ni kwamba watafiti wanapita Lamu, wanauliza, wanaandika kwenye vishikwambi, wanapanda boti, na aliyeulizwa hasikii tena alipata ngapi.

Basi nikampigia dada yangu mkubwa nimuulize mwenyewe. Kwangu mimi ni sifuri, nilishajijibu. Alicheka tangu swali la kwanza. Kuhusu kufua: "Mara ngapi? Niulize mara ngapi nimefua." Kuhusu mipango: alikosa maulidi ya jirani akisubiri punda wa maji, na punda alipofika alikuwa na mitungi miwili, si minne. Nilipofika kwenye aibu alinyamaza kidogo.

"Wageni walikuja kutoka Malindi," akasema, "wakataka kutia udhu. Nikampa kila mmoja kopo moja. Mama yao akanitazama, mdogo wangu, akalirudisha lake, akasema ana udhu. Hakuwa na udhu."

Nikaandika 3. Yeye alisema 1, maana ilitokea mara moja. Tukabishana. Mpaka hapo, kwa hesabu yake, alikuwa na 17, na yalibaki maswali mawili. Nilikuwa nafungua kinywa kuuliza la kumi na moja, nikasikia sauti ya mwanawe mdogo kutoka uani, na simu ikawekwa juu ya kitu, sijui meza, sijui ngazi, nikabaki nasikiliza mitungi ikiburutwa.