Msikilizaji mmoja au wengi? Vitufe na maandishi katika madirisha ya Java

Anayejifunza kutengeneza programu zenye madirisha kwa Java hugundua mapema kwamba kukiweka kitufe mahali pake ni kazi ya mstari mmoja au miwili, na kwamba ugumu unaanza pale programu inapotakiwa kutambua kuwa kitufe kimebofywa, kuyachukua maandishi yaliyochapwa na kuyafanyia kazi bila kumchanganya aliyeyachapa. Hapo ndipo walimu na watengenezaji wanapotofautiana. Wapo wanaotaka klasi ya dirisha yenyewe, yaani msimbo unaolieleza dirisha, iwe msikilizaji (anayepewa habari kitufe kinapobofywa) wa vitufe vyote, na wapo wanaotaka kila kitufe kipewe msikilizaji wake. Ipo pia tofauti ya pili, isiyojadiliwa sana ingawa inamgusa mtumiaji kwa ukaribu zaidi: je, maandishi yakaguliwe herufi kwa herufi yanapochapwa, au yaachwe mpaka mtu abofye kitufe? Ninaziangalia zote mbili kwa kutumia Swing, maktaba ya Java ya kutengenezea madirisha, kwa kuwa ndiyo ingali inakuja pamoja na Java yenyewe, ilhali JavaFX, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, ilitolewa nje ya kifurushi hicho kuanzia Java 11, mwaka 2018.

Mjadala wa vitufe una historia fupi inayousaidia kueleweka. Katika Java 1.0 ya mwaka 1996, tukio la kubofya lilipanda kutoka kwenye kitufe kwenda kwenye chombo kilichokibeba, na mtengenezaji alilazimika kurithi klasi, kuandika upya methodi yake (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake), kisha kuuliza ndani yake ni kitufe gani kilichobofywa. Java 1.1 ya mwaka 1997 iliuacha utaratibu huo na kuleta wasikilizaji: kitufe hutangaza tukio, na yeyote aliyejiandikisha kwacho hupewa habari. Toleo hilohilo lilileta klasi za ndani zisizo na jina, ili msikilizaji aweze kuandikwa palepale anapohitajika. Swing ilipoingia pamoja na Java 1.2, mwishoni mwa mwaka 1998, iliurithi utaratibu huo bila kuubadilisha. Kwa kuwa ActionListener, aina ya msikilizaji inayotumiwa na vitufe, ina methodi moja tu, actionPerformed, Java 8 ya mwaka 2014 iliwezesha kazi yote ya kujiandikisha kuandikwa kwa lambda, yaani methodi fupi isiyo na jina, katika mstari mmoja.

Hoja za wanaotetea msikilizaji mmoja zinastahili kusikilizwa. Mwanafunzi anayeanza huona mambo yote mahali pamoja: klasi inatangaza kwamba inatekeleza ActionListener, kila kitufe kinaandikishwa kwa neno this, yaani dirisha lenyewe, na ndani ya actionPerformed kuna mlolongo wa if unaouliza tukio limetoka wapi. Hahitaji kuelewa klasi za ndani wala lambda katika wiki ya kwanza, na mwalimu anaweza kuchora ubaoni njia nzima ya tukio kutoka kwenye kidole mpaka kwenye msimbo. Pale ambapo kila kitendo lazima kitanguliwe na jambo lilelile, kwa mfano kuhakikisha kwamba mtumiaji bado ameingia kwa nenosiri lake, mlango mmoja hurahisisha ulinzi. Kwa dirisha lenye vitufe viwili sina ugomvi na mtindo huu.

Ugomvi wangu unaanza dirisha linapokua, na linakua siku zote. Niliwahi kukabidhiwa programu ya chama cha kuweka na kukopa ili niibadilishie maandishi ya vitufe kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Ilionekana kazi ya nusu saa. Nikabadilisha Save kuwa Hifadhi, nikaendesha programu, nikabofya, na hakikutokea kitu. Hapakuwa na ujumbe wa kosa wala mstari wowote mwekundu. Aliyeitengeneza alikuwa akivitofautisha vitufe kwa getActionCommand, na kitufe kisichopewa amri yake rasmi kwa setActionCommand hurudisha maandishi yaliyoandikwa juu yake. Msimbo uliendelea kuuliza kama amri ni Save, kitufe kikajibu Hifadhi, na mlolongo wa if ukafika mwisho bila kupata anayelingana naye. Kosa la aina hii halionwi na kompaila, programu inayoukagua na kuutafsiri msimbo, na katika nchi ambayo programu nyingi huanza kwa Kiingereza kisha zikatafsiriwa kwa ajili ya watumiaji, si kosa la nadra. Ukitumia getSource, inayorudisha kitufe chenyewe, badala ya maandishi unaliepuka hilo, lakini sasa kila kitufe lazima kiwe kigezo cha klasi nzima ili kiweze kulinganishwa, na mlolongo unabaki na urefu wake uleule. Zaidi ya hayo, klasi ya dirisha inajitangaza hadharani kuwa ina methodi ya actionPerformed ambayo klasi nyingine yoyote inaweza kuiita, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia.

Upande wa pili unasema: mpe kila kitufe msikilizaji wake, na jina la kazi lionekane palepale kinapoundwa.

kitufeHifadhi.addActionListener(e -> hifadhiMalipo());

Anayesoma mstari huu hahitaji kutafuta popote ajue kitufe hiki kinafanya nini, na maandishi yaliyo juu yake yanaweza kutafsiriwa kwa lugha yoyote bila kuathiri chochote. Hata hivyo mtindo huu nao una maradhi yake, na watetezi wake huyapitia haraka mno. Kwa kuwa lambda inaruhusu mwili mrefu ndani ya mabano, watu huandika mistari arobaini ndani ya konstrakta, yaani msimbo unaoliunda dirisha, wakafungua hifadhidata humo, wakapiga hesabu humo, wakaonyesha ujumbe humo. Na menyu inapohitaji kufanya kazi ileile, mistari hiyo inanakiliwa. Baada ya mwezi mmoja nakala moja inarekebishwa na nyingine inasahaulika. Nikilinganisha, afadhali mlolongo mrefu wa if ulio mahali pamoja kuliko nakala tatu zinazotofautiana kidogo. Lakini dawa ipo na si ngumu: lambda iwe fupi, iite methodi yenye jina, na kazi inayofikiwa kwa kitufe, kwa menyu na kwa kibodi iandikwe kama Action moja, yaani kitu cha Swing kinachobeba kazi pamoja na hali yake, inayopewa wote. Ukiizima Action hiyo kwa setEnabled, kitufe na kipengele cha menyu vinafifia kwa pamoja. Kwa sababu hiyo naegemea upande huu wa pili, hata kwa wanafunzi, mara tu wanapokwisha kulielewa neno msikilizaji.

Jambo moja linalounganisha vitufe na maandishi ni Enter. JTextField, yaani kisanduku cha maandishi, hutoa tukio la kitendo mtu anapobonyeza Enter ndani yake, kwa hiyo inaweza kuandikishwa kwa methodi ileile ya hifadhiMalipo. Vilevile dirisha linaweza kupewa kitufe chake cha msingi kwa setDefaultButton, kikafanya kazi Enter inapobonyezwa. Mtu akitumia njia zote mbili hushangaa kitufe cha msingi kinapokaa kimya, na sababu ni kwamba kisanduku chenye msikilizaji wake huichukua Enter na hakiipitishi mbele.

Sasa nije kwenye maandishi, ambako nadhani makosa yanaumiza zaidi. Wanaotaka ukaguzi wa mapema wana hoja nzito: keshia anayehudumia foleni ndefu asiruhusiwe kufika mwisho wa fomu ndipo aambiwe kwamba kiasi alichoandika mwanzoni hakikubaliki. Kuna njia mbaya na njia nzuri za kufanya hivyo. Njia mbaya ni KeyListener, ambayo husikia vitufe vya kibodi tu, kwa hiyo mtu akibandika maandishi kwa kipanya yanapita bila kuonekana. DocumentListener huona kila badiliko bila kujali limeingiaje, maana inasikiliza hati iliyo nyuma ya kisanduku na haitegemei kibodi. Lakini hairuhusiwi kuibadilisha hati hiyo ikiwa katikati ya kupewa taarifa, na ukijaribu unapata IllegalStateException. Anayetaka kukataa herufi kabla hazijaingia anatakiwa kutumia DocumentFilter, yaani chujio la maandishi, iliyoletwa na Java 1.4 mwaka 2002.

Na hapo ndipo wengi wanapopitiliza, kwa sababu chujio ni chombo chenye nguvu na hukata bila kueleza. Fikiria kisanduku cha kiasi chenye chujio linalokubali tarakimu peke yake. Keshia ananakili kutoka kwenye ujumbe au jedwali maandishi TSh 150,000 na kuyabandika. Chujio linaona herufi, nafasi na mkato, linayakataa yote, na kisanduku kinabaki kitupu. Hakuna sauti wala maelezo. Anabandika tena, anabonyeza kwa nguvu zaidi, mwishowe anaamini kwamba kibodi imeharibika. Chukua pia kisanduku cha jina kinachokubali herufi za A mpaka Z tu: majina yanayoanza na Ng'w, ambayo ni ya kawaida kabisa Usukumani, hayaandikiki humo, na mtu anaishia kusajiliwa kwa jina ambalo si lake. Hilo nimeliona kwenye karatasi zilizochapishwa, na kila mara linanisikitisha, kwa kuwa ni mtengenezaji aliyeamua bila kufikiri kwamba alama ya ritifaa haina kazi katika jina la mtu. Isitoshe, chujio halimbagui binadamu na programu: hata setText hupita humo, kwa hiyo jina lililokwisha kuhifadhiwa vizuri kwenye hifadhidata linaweza kukataliwa linaporudishwa kwenye fomu ili lisomwe.

Wanaotetea ukaguzi wa baadaye wanaanza na ukweli kwamba maandishi yanayochapwa hupita katika hali nyingi ambazo bado si sahihi. Anayefuta kiasi ili aandike kingine hukiacha kisanduku kitupu kwa sekunde moja, na anayeandika nambari hasi huanza na alama ya kutoa iliyosimama peke yake. Mtu huyo bado yuko safarini, kwa hiyo hajafanya kosa lolote. Akibofya Hifadhi ndipo amesema kwamba amemaliza, na hapo programu ina haki ya kuhukumu. Udhaifu wa upande huu ni uvivu wa watekelezaji wake: wanachukua getText, wanaitupa kwenye Integer.parseInt, methodi inayogeuza maandishi kuwa nambari kamili, na kumwonyesha keshia sanduku la ujumbe lenye neno NumberFormatException. Methodi hiyo inaikataa 150,000 kwa sababu ya mkato, na inaikataa hata 150 iliyotanguliwa na nafasi moja. Mwenye nia njema huondoa nafasi na mikato yeye mwenyewe, hutumia BigDecimal, aina ya nambari inayotunza desimali kwa usahihi, kwa fedha badala ya double inayozikadiria, na panapobaki kosa huandika sentensi ya Kiswahili kando ya kisanduku husika, akarudisha kielekezi humo na kuyachagua maandishi yote ili yaandikwe upya kwa urahisi.

Katikati ya pande hizi kuna InputVerifier, inayokagua mtu anapotaka kuondoka kwenye kisanduku. Ni maafikiano mazuri kwa nadharia, ila inaweza kumzuia asiende kokote, na ndiyo maana maelezo ya Swing yenyewe yanashauri kitufe kama Ghairi kiondolewe kwenye ukaguzi huo kwa setVerifyInputWhenFocusTarget. Msimamo wangu ni kwamba chujio libakie kwa yale yasiyoweza kamwe kuwa sahihi, kama urefu unaozidi nafasi iliyotengwa kwenye hifadhidata, na hukumu iliyobaki ingoje kitufe. Wala sipendi Hifadhi iliyofifishwa mpaka kila kisanduku kijae ipasavyo, maana kitufe kilichofifia hakimwambii mtu amekosea wapi. Kitufe kilicho hai kinaweza kumjibu.

Linabaki suala ambalo linazihusu kambi zote. Chochote kilichomo ndani ya actionPerformed hutekelezwa na uzi (mkondo wa utekelezaji wa programu) uleule unaochora dirisha na kupokea matukio yote. Ikiwa kuhifadhi malipo kunapita kwenye mtandao na mtandao ukachelewa sekunde nane, dirisha zima linaganda kwa sekunde nane. Keshia anabofya tena, halafu tena, na mibofyo hiyo haipotei: inapanga foleni, na uzi unapoachiliwa inashughulikiwa mmoja baada ya mwingine, na malipo ya mwanachama mmoja yanaingia mara tatu. Watu hudhani watajikinga kwa kukizima kitufe mwanzoni mwa methodi na kukiwasha mwishoni. Hakusaidii kitu, kwa sababu kazi ikiwa bado inafanyika kwenye uzi uleule, mibofyo iliyo kwenye foleni inafikiwa baada ya methodi kuisha, wakati kitufe kimekwisha kuwashwa tena.

SwingWorker, iliyomo ndani ya Java tangu toleo la 6 la mwaka 2006, ndiyo jibu la kawaida: kitufe kinazimwa, kazi nzito inafanyika ndani ya doInBackground kwenye uzi mwingine, na kitufe kinawashwa ndani ya done, inayoitwa kazi hiyo inapoisha. Wapo wanaoiona kuwa mzigo, na kwa programu inayoandika mistari michache kwenye faili lililo ndani ya kompyuta ileile nakubaliana nao. Kazi hiyo huisha kabla jicho halijapepesa. Panapokuwa na mtandao, sikubali. Ila anayeitumia SwingWorker lazima aite get, inayoleta matokeo ya kazi, ndani ya done hata kama hakuna jibu analolisubiri, kwa kuwa hitilafu iliyotokea kwenye uzi wa nyuma haijitokezi mpaka get iitwe. Akiiacha, mtandao unakatika katikati ya kuhifadhi, hakuna ujumbe unaoonekana, kitufe kinawaka tena kama kawaida, na keshia anampa mwanachama risiti ya malipo ambayo hayamo kwenye hifadhidata.