Paneli za utando mwembamba: nafuu kwa nani?

Mwaka 2008 silikoni safi ya kutengenezea paneli za sola ilikuwa haishikiki. Bei yake sokoni ilivuka dola 400 kwa kilo, na waliokuwa na teknolojia ya utando mwembamba, yaani tabaka jembamba mno la kunasa mwanga lililopakwa juu ya kioo, chuma au plastiki, wakaona zamu yao imefika. Hoja yao ilikuwa na mashiko: kipande cha silikoni wakati huo kilikuwa na unene wa zaidi ya mikromita 150, ilhali utando wa kadimi teluraidi (kemikali ya kadimi na teluri) wa mikromita 2 au 3 unatosha kunasa mwanga. Malighafi kidogo, bei ndogo.

Aliyeivuruga hesabu hiyo ni silikoni yenyewe. Viwanda vipya vilipofunguliwa, hasa China, bei iliporomoka, na waliojenga biashara juu ya ughali wake wakaporomoka nayo. Solyndra ya Marekani ilifilisika 2011, miaka miwili tu baada ya serikali kuidhamini mkopo wa dola milioni 535. Mwaka uliofuata ikaanguka kampuni mama ya Uni-Solar, iliyokuwa ikiuza paneli za kubandika juu ya bati. Vigae vya sola vya kampuni ya Dow navyo viliondolewa sokoni 2016. First Solar, inayotengeneza paneli za kadimi teluraidi, imesalia, tena imenawiri, lakini soko lake ni mitambo mikubwa ya umeme. Mwenye nyumba anayetaka paneli nane si mteja wake.

Kwa hiyo aina ya utando iliyo bora zaidi, ambayo leo ina ufanisi wa asilimia 18 hadi 19 (sehemu ya nguvu ya jua inayogeuzwa umeme), ndiyo mtu wa kawaida haipati kirahisi. Anachokutana nacho dukani ni utando wa silikoni isiyo na fuwele, ambao ni wa bei nafuu lakini dhaifu kwa ufanisi, au paneli laini za kukunjika, ambazo kila wati yake humgharimu zaidi ya wati ya paneli ya kawaida ya kioo.

Udhaifu huo una gharama isiyoandikwa kwenye bei ya paneli. Tuseme nyumba inahitaji kilowati 3. Kwa paneli za kawaida zenye ufanisi wa asilimia 22, eneo linalotakiwa halifiki mita za mraba 14. Kwa paneli za asilimia 10, ni mita 30. Reli zinaongezeka, waya zinaongezeka, siku za fundi juu ya paa zinaongezeka, na inveta, kifaa cha kubadili umeme wa paneli uwe wa matumizi ya nyumbani, haipungui bei hata senti. Anayekuuzia kwa kusifu bei ya paneli peke yake anakuonyesha sehemu tu ya bili.

Silikoni isiyo na fuwele ina jambo jingine, lililoelezwa na wanasayansi Staebler na Wronski tangu 1977: ikianza kupigwa na jua hupoteza sehemu ya nguvu yake katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Mtengenezaji mwaminifu huandika wati za baada ya kutulia. Wengine huandika za siku ya kwanza.

Watetezi wa utando mwembamba hukimbilia hoja ya joto, na wana haki kiasi. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25, lakini juani hufika 65 bila shida. Kwa tofauti hiyo ya nyuzi 40, paneli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 14, na za kadimi teluraidi karibu 12. Ni faida, ila ndogo, na baadhi ya paneli mpya za silikoni zimeshaipita. Tena ukiibandika paneli laini moja kwa moja kwenye bati, hewa haipiti chini yake, na faida yenyewe inayeyuka.

Hoja ninayoikubali bila kusitasita ni uzito. Paneli ya kioo yenye fremu ina kilo 11 au 12 kwa mita ya mraba. Zile laini zinaweza kuwa na kilo 3 hivi. Kwa paa lenye kenchi chovu, au lenye mviringo, hapo hakuna ubishi. Lakini muulize muuzaji nani atatimiza dhamana kampuni ikifa, maana katika tasnia hii vifo si vya kubuni.

Na ziangalie kwa macho kabla ya kulipa. Nyingi zinazouzwa kama utando mwembamba kwa sababu tu zinapinda ni silikoni ya kawaida iliyofunikwa plastiki badala ya kioo. Ukiona vipande vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, mara nyingi pembe zake zimekatwa, hiyo ni silikoni ya fuwele. Utando halisi ni mweusi au wa hudhurungi mfululizo, umekatwa kwa mistari myembamba sambamba. Mistari hiyo pia ndiyo inayoamua kivuli kitafanya nini: kikikatiza mistari yote, umeme unapungua kidogo, kikilala juu ya mstari mmoja mzima, kinaweza kuibana paneli yote.

Sasa wengi wanasubiri perovskaiti, aina mpya ya utando wa kunasa mwanga. Kampuni ya Oxford PV ilianza kuuza paneli zake za perovskaiti juu ya silikoni mwaka 2024, na mzigo wa kwanza ulikwenda kwa mtambo mkubwa Marekani, si kwenye paa la mtu. Mwenye kenchi imara sioni anachosubiri. Mwenye paa bovu na uwanja wazi apige kwanza hesabu ya kuzisimika paneli za kawaida ardhini, kwa vyuma na zege, kabla ya kuanza kusaka zile nyepesi.